Usukani wa Jumanne na Ijumaa

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa mwandiko mkubwa kama ulivyoagiza, ingawa mkazamjomba ataona kurasa nyingi akadhani nina umbea. Msalimie sana. Vile vitambaa alivyonitumia nimeshavishona mapazia, yametoka mafupi, miguu ya kiti inaonekana mpaka barabarani. Kosa ni la mkasi wangu. Sisi tupo. Mama anakula, analala, anagombana na redio kila taarifa ya habari inapoanza. Ameniambia nikuandikie kwamba yeye ni mzima kabisa, nami nimeandika alivyosema.

Lakini mimi na wewe hatujawahi kufichana, mjomba, kwa hiyo hili nakuandikia yeye akiwa amelala. Tangu Desemba mama anasafishwa damu kwa mashine. Figo zimechoka. Ni Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi, na hakutaka ujue kwa sababu anasema ukijua hutapata usingizi. Hospitali iko chini mjini, sisi tuko huku juu, na katikati ni ule mteremko unaoujua wenye kona nne. Teksi hazipandi huku asubuhi mapema. Ukichelewa zamu, mashine anapewa mwingine, na wewe unarudi nyumbani na sumu yako mwilini. Basi ni mimi na lile gari kuukuu ulilotuchagulia.

Shida yenyewe ni hii. Pampu ya usukani ilianza kuvuja mpaka ikamaliza mafuta yote. Nimenunua nyingine na nimeifunga mwenyewe, Jumapili, hapo uani. Usicheke. Likizo saba nilizoshinda gerejini kwako nikikushikia tochi hazikwenda bure, na hilo jina la Spana hukunipa kwa kupenda tu. Nilifuata utaratibu wako wote. Bolti nilizianza kwa vidole kabla ya spana. Mkanda niliukaza mpaka ukakataa kidole gumba. Kwenye paipu inayovuta mafuta kuingia kwenye pampu, nikarudisha ule mpira mdogo wa duara wa zamani, nikaupaka grisi. Mpira mpya uliokuja na pampu nimeuhifadhi kwenye kopo la vifungo. "Wa zamani unajua nyumba yake," si ndivyo ulivyokuwa ukisema?

Na bado usukani mzito. Ukiwasha gari asubuhi unalia kama paka aliyebanwa mlangoni, ukikata kona kilio kinapanda, na kwenye kona ya tatu, pale penye ukuta wa kiwanda cha matofali upande mmoja na korongo upande wa pili, nauzungusha kwa mabega. Nimekosea wapi? Au uje wewe mwenyewe. Ni siku mbili tu za basi.

Mpwa wako,
Spana

8 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana na mkazamjomba wako ameisoma kabla yangu, kama kawaida yake, akalia, akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Mwambie dada kwamba nimejua, na kwamba tangu utoto hajui kuficha kitu. Alikuwa akiiba sukari midomo inabaki myeupe. Mwambie pia kwamba nina hasira naye. Hizo mbili mwambie kwa mpangilio huo.

Sisi hapa wazima. Masikio yangu ndiyo yaleyale. Juzi jirani amenieleza msiba wa mtu nami nikacheka nikidhani ananitania.

Sasa gari. Anachokuambia huo usukani ni kwamba kuna upepo ndani ya mafuta. Ukibadilisha pampu upepo lazima uingie, na kuutoa kunataka subira. Piga jeki magurudumu yote mawili ya mbele, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Usiwashe injini. Zungusha usukani taratibu mpaka mwisho wa kulia, kisha mpaka mwisho wa kushoto, mara ishirini, huku mtu akitazama mafuta kwenye tangi lake na kuongeza kila yakishuka. Povu likiisha, washa, zungusha tena. Tazama mkanda. Tazama kama mafuta uliyotia ni yale gari lako linayotaka, maana wengine huuza chochote chekundu.

Lisipopona, usihangaike. Mpelekee fundi wa huko, afungue pampu mwenyewe kuanzia mwanzo. Usisimame kumwelekeza, na usimtaje aliyekufundisha. Mafundi wana wivu.

Kuja siwezi kwa sasa. Kiuno kinanisumbua, na paa la jikoni linataka mtu.

Mjomba wako

22 Februari

Mjomba,

Shikamoo tena. Dada yako amepokea hasira zako na amejibu kwamba sukari ulikuwa ukiiba wewe, yeye alikuwa akipewa kipande ili anyamaze. Amecheka siku nzima. Nakushukuru kwa hilo kuliko unavyojua.

Upepo nimeutoa. Mama alikaa kwenye kigoda na mto mgongoni akitazama tangi la mafuta, mimi nazungusha, yeye anasema "povu, povu, povu bado," mpaka akachoka na neno lenyewe. Tulipomaliza usukani ulikuwa laini, naugeuza kwa kidole kimoja. Ijumaa tukashuka tukiimba. Jumatatu kikaanza kilio, Jumanne povu limerudi. Nimetoa upepo mara mbili sasa, na kila mara napewa siku tatu, nne, kisha mambo ni yaleyale. Mkanda mzuri. Mafuta nimeyamwaga yote nikatia yanayoandikwa kwenye kifuniko.

Fundi wa hapa sitampelekea. Yupo, ana gereji kubwa na redio kubwa zaidi. Lakini nimwambie nini? Kwamba mjomba wangu alikuwa fundi wa mji mzima, watu wakileta magari kwa kuyavuta, na mimi niliyefunzwa naye nimeshindwa na pampu? Hapana. Lawama hiyo siwezi kukuletea.

Nimefikiri sana, mjomba, maana usiku usingizi hauji, nazunguka na huo mteremko kichwani. Upepo unaingia wapi? Mafuta hayadondoki hata tone. Kinachonyonya hewa bila kuvuja lazima kiwe upande ule wa kuvuta. Upande huo kuna klipu, nimezikaza, na kuna ule mpira. Basi naomba unijibu hili moja tu: je, ni mpira? Kufungua paipu ile ni kazi ya siku nzima, bolti yake imelika, na nikiivunja Jumapili, Jumanne mama haendi. Siwezi kubahatisha. Ukisema fungua, nafungua.

Siku hizi tukikaribia kona ya tatu mama anashika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

Nijibu upesi. Na kiuno kikipoa, njoo.

Spana

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Nimechelewa, najua. Barua yako ilikaa hapa. Mvua imetupiga wiki nzima, paa la jikoni limevuja, mkazamjomba wako anapika amevaa kofia ya plastiki. Mjukuu wa jirani ameota meno mawili kwa mpigo, sijui kama hiyo ni habari ya kukuandikia, lakini tumefurahi.

Kuhusu gari, nimefikiri. Huenda pampu uliyonunua ni mbovu, siku hizi zinapakwa rangi tu zikaonekana mpya. Huenda pia tatizo liko chini, kwenye reki ya usukani, ule mtaimbo unaogeuza magurudumu. Tazama kama fito zake za pembeni zina mafuta. Tazama hozi ya mafuta isije ikawa imekunjamana kwa ndani, kwa nje inaonekana nzima. Mambo ya mipira ni marefu, tutaongea tukionana.

Nakuomba tena, na safari hii nakuomba kama mtu mzima anavyomwomba mwenziwe: mpelekee huyo fundi mwenye redio. Usinifikirie mimi. Jina langu lisikuzuie. Peleka kesho.

Mwambie dada ajifunge mkanda.

Mjomba wako

18 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako imefika Jumatatu. Ingekuwa imefika Alhamisi ya kabla yake, sijui ningefanya nini. Pengine nisingefanya lolote, maana hakuna kitu ndani yake.

Ijumaa tulitoka saa kumi na mbili, kuna ukungu. Kona ya kwanza usukani ulilia, ya pili ukanyamaza, nikashukuru. Ya tatu nilipougeuza ukarudi mkononi kama umeshikwa na mtu upande wa pili. Ulipokea nusu, ukagoma. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mbele yangu korongo linakuja. Nikakanyaga breki, nikauning'inilia ule usukani kwa uzito wa mwili mzima, gari likalalia ukuta wa matofali, likaukwaruza kutoka lango la kwanza mpaka la pili, ndipo likasimama.

Upande ulioukwaruza ukuta ni wa mama. Mfupa wa juu ya bega umevunjika. Hakupiga kelele. Wafanyakazi wa kiwanda cha matofali walipomaliza kumtoa garini, aliniuliza saa ngapi, nikamwambia saa moja na dakika kumi, akasema, "Basi leo mashine kapewa mwingine." Walitushusha kwa lori lao, gari letu wakalivuta mpaka nyumbani; hospitali wakamfunga bega wakaturudisha, lakini nafasi kwenye mashine haikupatikana siku ile wala Jumamosi. Jumapili miguu ilikuwa imevimba, akawa anapumua kwa kuhesabu. Lori lilelile la matofali ndilo lililomshusha tena hospitali. Sasa yuko wodini, amesafishwa mara mbili, daktari anasema tusubiri. Nasubiri kwenye kiti cha chuma, nakuandikia nikiwa na karatasi gotini.

Jana nilirudi nyumbani kubadilisha nguo, nikafungua paipu. Bolti haikuvunjika. Mpira ule wa zamani umelala bapa, umekuwa mgumu kama ukucha, na una ufa upande mmoja. Nimeuweka kwenye bahasha hii uuone.

Nimesoma tena barua zako zote mbili. Umenijibu mkanda, mafuta, hozi, reki, mpaka meno ya mtoto wa watu. Nilikuuliza kitu kimoja. Ulinisihi nimpelekee mtu mwingine afungue pale pale, na nisimwambie ni nani aliyenifundisha.

Sikuulizi kama ulikosea kunifundisha, watu hukosea. Nakuuliza, mjomba: ulikuwa unajua?

Mpwa wako

21 Machi

Mpwa wangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nikamwapisha.

Nilijua. Nilijua tangu ile barua ya kwanza, pale ulipoandika kopo la vifungo. Mkazamjomba wako alikuwa akilia kwa ajili ya dada, mimi nilikuwa nimekodolea macho mstari ule mmoja.

Wakati ninaanza kazi vipuri vilikuwa havipatikani. Mpira mpya ukija na kifaa, tuliuweka akiba kwa gari litakalokuja bila mpira kabisa, na huku tukirudisha wa zamani kama una uhai. Ilikuwa busara ya wakati wa dhiki. Dhiki ikaisha, vipuri vikajaa madukani, mimi nikaendelea vilevile, nikautungia na msemo ili wanafunzi wasiuhoji. Nilikuwa na makopo matatu ya mipira mipya, najisifu nayo.

Kulikuwa na mtu mmoja, msambazaji wa mikate, ana pikapu. Nilimbadilishia pampu ya usukani. Akarudi mara mbili akisema inalia, nikamtolea upepo nikamwambia ana masikio ya kike. Mara ya tatu hakurudi mwenyewe. Pikapu ilitoka nje ya barabara ikaugonga mti. Hakufa. Mguu wake wa kushoto hautembei mpaka leo. Walisema alisinzia, kwa sababu watu wa mikate huamka mapema, naye mwenyewe akakubali kwamba labda alisinzia. Pikapu ikavutwa gerejini kwangu. Nikaifungua peke yangu, mlango nimeufunga. Mpira ulikuwa hivyohivyo kama huu ulionitumia. Nikautia mfukoni, nikamwambia mwenye mguu wake pole.

Mwezi ule ule nikafunga gereji. Ninyi nyote niliwaambia ni masikio. Masikio ni mabovu kweli, lakini si yaliyofunga gereji. Tangu siku hiyo sijafungua boneti ya mtu. Kiuno changu hakina kitu, na paa la jikoni ningeweza kumwachia yeyote.

Kukwambia mpira ni kukwambia pikapu. Nikafikiri nitakuzungusha mpaka uchoke, fundi mwingine afungue, auone, abadilishe, mama yako asafiri salama na mimi nibaki mjomba wako uliyemzoea. Sikufikiri kwamba utakataa kwa ajili ya heshima yangu. Uliposema hivyo niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro siku tisa, na siku hizo dada yangu ameshuka ule mteremko, nimehesabu mara ngapi. Kalamu ninayo. Neno lenyewe lilikuwa moja, fungua, nami nikakuandikia meno ya mtoto.

Mficha uchi hazai, na mimi niliyeficha wangu, aliyekaribia kuzikwa ni mtu mwingine. Sina cha kukuomba. Ukiamua kumwambia mama yako, mwambie. Kesho nakwenda kwa yule wa mikate. Nimejua siku zote anakoishi.

Mjomba wako

8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mkazamjomba ameniandikia peke yake, ameniambia umekwenda kwa yule bwana na kwamba umekaa huko mchana kutwa, umerudi hujala na husemi mlichoongea. Sitauliza. Hiyo ni yenu wawili.

Mama ametoka wodini Jumatano. Bega limefungwa, mkono mmoja tu ndio anaoutumia, anachanganya sukari kwa fujo. Yuko mwembamba mpaka ananitisha, lakini amegombana na redio jana jioni, nami nikakaa jikoni nikalia kwa raha.

Barua yako nilimsomea nikiwa nimekaa kitandani pake. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka nirudie pale penye pikapu, nikarudia. Muuguzi akaja akaondoka. Kisha akasema, "Miaka yote hiyo alikuwa akija hapa harusini, misibani, anakula nasi, na hilo liko mfukoni. Alikuwa anapitisha vipi chakula?" Akageukia ukutani, na mimi sikujua kama anakulaumu au anakuhurumia. Nadhani ni vyote.

Mimi nimekasirika, na sitaandika kwamba yamekwisha, kwa sababu hayajaisha. Nikishika usukani mikono inakumbuka. Nilikuwa nikikuamini kuliko breki za gari lile.

Gari limenyooshwa mlango, bado lina kovu refu ubavuni. Nimeweka mpira mpya, nimetoa upepo mara moja tu, na wiki tatu hizi halijalia wala povu sijaliona. Kwa kazi ya mikono yangu naona limepona. Lakini Jumanne ijayo ndiyo mara ya kwanza mama atapanda tena. Tangu atoke, nimekuwa nikiomba lori la matofali, nao wana kazi zao. Jana usiku nimefungua boneti mara nne kutazama kitu kilekile kimoja. Siwezi kuendelea hivi, mjomba. Nahitaji mtu anayejua, aniambie.

Kwa hiyo panda basi la Jumamosi. Nitakuja kukupokea stendi kwa miguu. Jumanne saa kumi na moja na nusu asubuhi utafungua boneti wewe, kwa mkono wako, utaweka tochi pale kwenye paipu, utazame utakavyo. Mama atakaa kiti cha nyuma na mto wa bega. Wewe utakaa mbele, upande ule wa ukuta.

Kisha utaniambia. Ukisema halifai, siwashi. Ukisema linafaa, tunateremka wote watatu.

Spana